Maswali ya wasomaji: Nataka kusoma FNP, nijiunge na chuo hiki?

*Shikamoo dada. Mimi ni nesi, nipo Houston, Texas. Nina shahada ya kwanza ya uuguzi na leseni ya RN (nesi aliyesajiliwa), nafanya kazi ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, zamu za usiku, tatu kwa wiki. Wenzangu wengi wanasoma FNP (family nurse practitioner, nesi wa huduma ya familia anayepima na kuandika dawa) kwa mtandao, nami nimepata chuo cha bei nafuu, wanasema nitamaliza kwa miaka miwili huku nikiendelea na kazi. Nina watoto wawili. Je, nijiunge? Ni kweli siku hizi lazima uwe na DNP, yaani shahada ya udaktari wa uuguzi? Halafu mama yangu yuko Moshi, kila siku ananiuliza nikimaliza nitakuwa daktari au nesi, sina jibu. – Nesi wa usiku*

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujalipa hata hela ya fomu, wapigie simu hao watu wa chuo uwaulize: nani atanitafutia prisepta? Huyo ndiye FNP au daktari utakayekaa naye kliniki, wewe unamwona mgonjwa, yeye anakusikiliza na kukusahihisha. Wakijibu "tutakusaidia", waulize watasaidia vipi, na waliohitimu mwaka jana walipata wapi nafasi. Wakisema mwanafunzi anajitafutia mwenyewe, basi huo unafuu wa ada utaulipia kwingine. Nimeona mabinti wamemaliza masomo yote ya darasani, halafu muhula mzima wanatuma barua pepe kwenye kliniki zisizojibu, mwisho wanamlipa dalali. Ndiyo, huku kuna madalali wa prisepta, na si wa bei rahisi.

Sasa tupige hesabu. Viwango vya kitaifa vilivyotolewa mwaka 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa. Zamani zilikuwa 500. Kliniki nyingi za familia hufanya kazi mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukienda siku mbili kwa wiki, saa nane kila siku, hizo ni wiki 47, na kwa kawaida hakuna anayekulipa. Wewe unatoka zamu saa moja asubuhi. Utaingia kliniki saa mbili hujalala, upime mtoto wa watu? Zungumza na msimamizi wako mapema uhamie zamu za Jumamosi na Jumapili kwa mwaka wa mwisho, na mwenzako nyumbani ajue kabisa kwamba mwaka huo chakula cha jioni ni chake.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Unaipenda ICU? Ukimaliza unataka kubaki na wagonjwa mahututi? Kama ndiyo, FNP si njia yako. Tangu makubaliano ya kitaifa ya mwaka 2008, kila NP (nurse practitioner, nesi anayepima na kutibu; FNP ni aina mojawapo) anafunzwa kwa kundi fulani la wagonjwa. FNP anafunzwa huduma ya msingi kwa watu wa umri wote, kuanzia kichanga hadi bibi kizee. Mahututi watu wazima wana njia yao, inaitwa AG-ACNP. Wenzako wanaokwambia "chukua FNP, inafungua milango yote" wanakupoteza, maana baadaye hospitali itakuuliza mafunzo yako yalikuwa ya nini, na bodi ya uuguzi ya jimbo pia.

Kama bado unaitaka kliniki, nikuonyeshe kinachokungoja. Darasani kuna masomo matatu makuu: patofisiolojia, famakolojia na upimaji wa mwili, yote ya ngazi ya juu. Utayaweza. Kazi ni kule chumbani. Chukua sikio la mtoto. Ana miaka miwili, analia mapajani mwa mama yake. Unavuta sikio chini na nyuma (la mtu mzima unavuta juu na nyuma), unaingiza otoskopu, kile kifaa cha kutazama ndani ya sikio, na una sekunde chache kabla hajageuza kichwa. Ngoma ya sikio ni nyekundu. Uandike amoksilini? Subiri. Mtoto akilia, ngoma huwa nyekundu hata kama ni mzima. Unachotafuta ni ngoma iliyotuna, imevimba kuja upande wako. Hilo hakuna video itakayokufundisha vizuri. Utaangalia masikio mengi sana mazima mpaka lile bovu ulijue lenyewe.

Au mama wa miaka 34, presha 158 kwa 96, na wiki iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Ukiwa nesi wa wodi unampigia daktari. Hapa anayepigiwa ni wewe. Mkono unakimbilia lisinopril, dawa ya presha, lakini umemuuliza kama ana mimba au anatafuta mtoto? Dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni. Na akiwa Mkongo, Houston mnao wengi, atafurahi kuulizwa swali hilo kwa Kiswahili badala ya kupitia kwa mkalimani wa simu.

Kuhusu DNP: si lazima. Wakubwa wa vyuo vya NP walitangaza mwaka 2018 kwamba wanataka wote waingie kwa shahada ya udaktari wa uuguzi ifikapo 2025, lakini mwenye shahada ya uzamili bado anafanya mtihani na kupata leseni. Waliolazimishwa ni manesi wa nusukaputi. Hakikisha tu chuo kina ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua vyuo vya uuguzi, na kinaruhusiwa kufundisha wakazi wa Texas. Mtihani wa mwisho ni wa bodi ya vyeti ya AANPCB au ANCC, unachagua mmoja, na cheti unakihuisha kila baada ya miaka mitano.

Huko kwenu sheria inabana. Ili uandike dawa Texas, unahitaji makubaliano ya maandishi na daktari. Vuka mpaka uingie New Mexico, huhitaji. Hapa kwetu Massachusetts, tangu 2021, baada ya miaka miwili ya kusimamiwa unaandika mwenyewe. Kama mna mpango wa kuhama, fikirieni hilo.

Fedha pia: mkopo wa serikali wa Grad PLUS umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Waulize hospitalini kwenu kama wanachangia ada, na usome masharti ya kubaki kazini kabla ya kusaini.

Mama mwambie utakuwa nesi. Nesi anayepima, anayesema ugonjwa ni huu, na anayeandika dawa. Nyumbani, zahanati ya kijijini, kazi hiyo anaifanya tabibu, kwa hiyo ataelewa mara moja. Kazi hii ilianza Colorado mwaka 1965, pale nesi Loretta Ford na daktari Henry Silver walipoanza kufundisha manesi kuhudumia watoto waliokuwa mbali na madaktari. Ukiwa na DNP watakuita daktari chuoni, lakini mbele ya mgonjwa jitambulishe kwamba wewe ni NP.

*Dada, mimi niko Dodoma, nina shahada ya uuguzi. Naweza kusoma FNP ya Marekani kwa mtandao nikiwa hapa hapa? – Msomaji, Dodoma*

Hapana, mdogo wangu. Vyuo hivyo vinataka uwe tayari na leseni ya RN ya jimbo la Marekani, ambayo hupati bila kufaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi, na saa za kliniki unazifanya kule ambako chuo kimeruhusiwa. Anayekwambia vingine anataka ada yako. Kama kusudi lako ni uzamili na si kuhama, angalia MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili pale Dar es Salaam: wana uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na wa ukunga, na mazoezi utayafanya kwa wagonjwa wa hapa nyumbani.