Kompyuta ya pfSense inayojiwasha upya yenyewe

Badilisha adapta ya umeme kwanza, usikimbilie kusakinisha upya. Kerneli (kiini cha mfumo) ikianguka, pfSense (mfumo unaogeuza kompyuta kuwa ruta na firewall) huacha ripoti ndani ya /var/crash na kukuonyesha tangazo kwenye ukurasa wa mwanzo. Ukikuta humo faili la minfree tu (hilo ni la kawaida), na logi zimekatika ghafla bila ujumbe wa kuzima, shuku umeme au RAM. Ila ripoti hiyo hupitia swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM). Kama ulisakinisha bila swapu, kukosekana kwa ripoti hakuthibitishi chochote.

Adapta iliyochoka hudanganya sana: bila mzigo multimita inasoma volti 12 safi, halafu prosesa ikikazana volti zinaporomoka na mashine inajiwasha upya. Kwa hiyo usiipime ikiwa haijabeba mzigo. Weka nyingine yenye volti na ncha ileile, ampea sawa au zaidi, kibandiko kitakuambia. Kagua pia plagi ya 12V isiyokaza.

Ikiendelea, endesha Memtest86+ (programu ya kupima RAM) usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kubadilisha RAM.