Paka amejificha uvunguni, halii: usisubiri alie

Mkuu, umesema dume lako limejichimbia uvunguni tangu juzi, halilii, ukilishika linakoroma, na unauliza kama umpe nusu kidonge cha Panadol. Usimpe, hata chembe. Ini la paka haliwezi kuimudu parasetamo, dawa iliyo ndani ya Panadol, kama letu. Damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka kahawia au bluu, uso huvimba. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Na huko kukoroma kusikutulize, maana paka hukoroma hata akiwa na maumivu makali.

Mimi ni mfugaji wa paka wa siku nyingi, na kilio sikitegemei. Naangalia alichoacha kufanya. Nilikuwa na jike, makazi yake juu ya kabati. Akahamia kwenye kiti, kisha sakafuni. Nyumbani wakasema uzee huo. Lakini manyoya ya kiunoni, karibu na mkia, yalishaanza kushikana mafundo kwa kuwa hawezi tena kujipinda ajilambe. Daktari wa mifugo alipomkunja nyonga tu, akageuka kumng'ata. Kumbe ni maumivu ya viungo.

Madume yana lao: kung'atwa kwenye ugomvi wa usiku. Tundu la jino hujifunga upesi, usaha ukabaki ndani. Pitisha mkono taratibu shina la mkia, miguu na mashavu, utafute pa moto au palipovimba.

Uso nao unasema. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walichapisha kipimo cha vitu vitano: masikio yaliyotengana na kugeukia nje, macho yaliyofinywa, mdomo uliokaza, sharubu zilizonyooka kuelekea mbele, na kichwa kilichoshuka chini ya mabega. Kila kimoja alama 0 hadi 2; zikifika 4 kati ya 10, anahitaji dawa ya maumivu, tena ya daktari. Mtazame kwa mbali akiwa macho na ametulia, si akila au akijilamba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni kwamba ni dume. Nenda kaangalie mchanga wake wa kujisaidia sasa hivi. Kama anachuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki, au ni matone tu, njia imeziba. Wengi hudhani amefunga choo. Huyo anapelekwa leo, hata kama ni usiku, maana siku moja au mbili zinatosha kummaliza. Vivyo hivyo akihema mdomo wazi au akiburuta miguu ya nyuma.

Wakati wa kumtoa, mfunike taulo zito kisha umtie kwenye boksi lenye matundu, maana mwenye maumivu hachagui wa kumng'ata. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali. Kichaa cha mbwa paka nao wanacho.

Kwa daktari sema alikula na kukojoa lini mara ya mwisho, na kama kuna mtu hapo nyumbani ameshampa kidonge, usimfichie. Haya, mchanga ukoje?