Madogo mnaochomelea chesisi, wekeni hiyo ndoo chini

Jana nimepita gereji moja Tabata kumsalimia jamaa angu, nikakuta dogo ndo anamalizia kuchomelea chesisi ya Hilux ya zamani, weldi bado nyekundu, akachukua ndoo ya maji akamwaga. Chwaaa! Mvuke mpaka kwenye kebini, na yeye anacheka. Nikashika kichwa. Sikumfokea maana dogo huyo nilishawahi kuwa mimi, ila usiku nimekaa nikasema ngoja niandike, kila mwaka wanaingia saidia fundi wapya na kila mwaka madudu ni yale yale.

1. Osha kwanza. Ufa unafichwa na matope na girisi. Ukiona kamstari chekundu ka kutu kanatokea kwenye rangi kama machozi, hapo pana jambo. Una wasiwasi, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke vizuri, af paka chaki, mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatarudi yaloweshe chaki na utauona wote mpaka unapoishia. Af zunguka upande wa pili, pikapu ikipasuka kulia mara nyingi kushoto nako kuna mwenzie anajiandaa.

2. Betri toa, soketi ya altaneta chomoa. Ethi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye mashine ya weldi, funga karibu na unapochoma, sio unaibana kwenye ringi huko af umeme unapita kwenye beringi. Na tangi la wese lishushwe jamani. LISHUSHWE. Sio kufunika na gunia bichi na kusema bismillah.

3. Toboa mwisho wa ufa, tundu la milimita tano au sita. Ufa unatembea kwa sababu una ncha, ukifika kwenye duara unakosa pa kuendelea. Af chonga V kwa grenda ndo uchomelee, weldi iingie ndani sio ikae juu kama ubuyu.

Hapa sasa ndo niwaambie. Mwaka 2011 nipo gereji mtaa wa Gerezani hapa Dar, fundi wangu kaenda msibani Tanga kaniachia gereji na maneno mawili, "usiguse chesisi". Akaja mama mmoja anayechukua samaki soko la Feri, Hilux yake imepasuka nyuma ya kebini pale juu ya kishikio cha springi. Zile gari za samaki mnazijua, maji ya barafu na chumvi yanachuruzika kwenye bodi usiku kucha yanaangukia chesisi, kutu inakula taratibu. Mama ana haraka, mi nina njaa ya sifa. Nikagusa.

Tundu sikutoboa. V sikuchonga. Nikatafuta pleti ya milimita nane, na chesisi yenyewe haifiki hata nne, nikaikata mraba, nikaibandika juu ya ufa na kuizungushia weldi pande zote nne, mistari miwili wima toka juu mpaka chini, nene kama kidole. Nilivyoona inachelewa kupoa nikamwaga ndoo nzima. Af, Mungu anisamehe, nikachomelea herufi za jina langu juu ya pleti. Elfu sitini mfukoni, jioni nikanunua chipsi kuku.

Wiki tatu. Gari ikarudi kwenye brekidauni imekaa kama ndizi, bodi imegusa kebini, mlango wa dereva haufunguki. Mama kashuka anatembea taratibu, kainama chini ya gari, kaniita. "Mwanangu, njoo uone. Pleti yako nzima." Na kweli ilikuwa nzima kabisa, jina langu linasomeka. Chesisi ndo imekatika, pembeni kabisa ya weldi yangu, imenyooka utadhani imekatwa na rula.

Mnajua nilijibu nini? Mbele ya madereva na watu wa spea nikamwambia mama umezidisha mzigo. Kaniangalia. "Matenga ni yale yale manane, mwanangu, toka gari haijapasuka." Hakuongeza neno, kakaa juu ya tairi bovu akaanza kupiga simu apate kirikuu cha kuhamishia samaki, jua la saa saba, barafu inayeyuka mnaiona. Mpaka leo harufu ya samaki wanaoanza kulegea inanirudisha pale.

Fundi karudi kesho yake. Hakuuliza kitu, kapitisha kidole pale palipokatika, akasema, "Ulimwaga maji?" Nikasema hapana. Kaiangalia ndoo. Nikasema ndiyo. Akanieleza kwa upole, na huo upole ndo ulioniua: chesisi inatakiwa icheze, wewe umeweka pleti nene pakawa pagumu ghafla, kwa hiyo kupinda kote kumehamia ukingoni mwa pleti, na ukingoni hapo ndo umechoma mstari wima halafu ukapoza na maji, chuma kimekuwa kama glasi. Mzigo haukuwa na kosa. Akanituma nikamwambie mama hayo hayo kwa mdomo wangu. Nikaikata pleti yangu na grenda siku mbili, disiki sita za hela yangu, na elfu sitini nikarudisha. Mama akapokea, akanipa vibua wawili. Nilishindwa kuwala.

4. Kwa hiyo pleti iwe na unene kama wa chesisi yenyewe, na ikatwe kama kashata, ncha mbele ncha nyuma, weldi zote zilale mshazari. Kingo za juu na chini za chesisi usitoboe. Weldi ipoe yenyewe, nenda kanywe chai.

5. Rodi za geti, zile 6013, ziache kwenye mageti. Tumia rodi za 7018, zile za kazi nzito, na ziwe kavu, na kwa unyevu wa Dar boksi likikaa wazi tu zishakuwa za mapambo. Zile mashine za weldi zinazosukwa koili kwa mkono hapa mtaani nyingi zinasumbua nazo, azima mashine ya inveta kwa jirani, acha ubishi.

6. Kabla ya kuchoma pima chesisi kona kwa kona kwa kamba. Umechoma ikiwa imepinda, umeipindisha milele, na gari ya mteja itakula matairi huku anakulaumu, na atakuwa sahihi.

7. Rangi mpaka ndani ya chesisi, na gari za samaki ziambiwe zioshwe chini na maji ya bomba kila siku. Msidhani kutu ni shida ya kimeo cha uswahilini tu. Marekani mwaka 2016 Toyota yenyewe ilikubali kumaliza kesi ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizoliwa na kutu, magari kama milioni moja na nusu.

8. Gonga chesisi na nyundo kabla ya kupatana bei. Ikizama kama biskuti kwenye chai, mwambie mteja ukweli na umwache aondoke, atakutukana leo tu.

Na wewe dogo wa Tabata, nimeshaongea na bosi wako. Kesho saa mbili asubuhi nakuja, tunaikata ile yote. Disiki unanunua wewe.