Nina lenzi za Canon za dijitali: je, zitaingia kwenye kamera ya filamu?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga picha za harusi hapa Tanga kwa Canon ya dijitali. Nina lenzi mbili: 18-55 iliyokuja na kamera, na 50mm f/1.8. Nataka kujifunza filamu. Kuna mzee anauza Canon AE-1, bodi tupu bila lenzi, na bei yake iko juu kweli. Nikiichukua, lenzi zangu zitaingia? Na kwa mtu mwenye pesa kidogo, unanishauri nini?

JIBU: Marahaba. Hazitaingia, hata moja, na nimefurahi umeuliza kabla hujatoa pesa.

AE-1 ilitoka mwaka 1976, wakati Canon wakitumia lenzi za FD. Mwaka 1987 waliuacha mdomo ule (sehemu ya kufungia lenzi) moja kwa moja wakaleta wa EF, ambao ndio ulio kwenye kamera yako. Jina la mbele ni lilelile, midomo haipatani. Usidanganywe na muuzaji wa kiunganishi (adapta) pia: tundu la lenzi ya EF hufunguka na kufunga kwa umeme unaotoka kwenye bodi, na AE-1 haina pa kuutoa. Ukinunua bodi hiyo, utarudi sokoni kutafuta lenzi ya FD, na hapo bajeti ndiyo imekwisha.

Ndiyo maana anayeniuliza bodi gani anunue, mimi humuuliza kwanza ana lenzi gani. Kazi ya bodi ya filamu ni kuzuia mwanga, kufungua shata (pazia la kuingizia mwanga) kwa muda sahihi na kupima mwanga. Ubora wa picha unatoka kwenye lenzi na filamu. Na wewe lenzi nzuri tayari unayo.

Zigeuze lenzi zako uangalie alama ya kufungia. Kwenye 50mm utaona nukta nyekundu: hiyo ni EF kamili, inaingia kwenye EOS yoyote ya filamu, yaani kamera za Canon zenye mdomo wa EF. Kwenye 18-55 utaona mraba mweupe: hiyo ni EF-S, imetengenezwa kwa ajili ya sensa ndogo ya dijitali, na bodi ya filamu haiipokei. Usiilazimishe. Kwa 50mm utapata faida moja zaidi: kwenye kamera yako ya sasa inakata picha kama lenzi ya 80mm, lakini kwenye filamu itaona upana wake wote. Sebuleni kwa bi harusi hutalazimika tena kurudi nyuma mpaka ukutani.

Kwa hiyo tafuta EOS 300 ya mwaka 1999, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la Rebel 2000, au EOS 500N. Ni za plastiki, hazina sura ya kizamani, na watu wengi wanazipita wakikimbilia kamera za chuma. Hiyo ndiyo bahati yako, kwa sababu bei yao kwa kawaida iko chini sana ya AE-1. EOS 300 inafokasi yenyewe, inasoma ISO (kasi ya filamu) kwenye kopo la filamu, na shata yake inafika 1/2000. Kuna jambo lake moja ninalolipenda sana: ukiweka filamu, inaivuta yote mpaka mwisho kwanza, halafu kila picha unayopiga inarudi ndani ya kopo. Mlango ukifunguka kwa bahati mbaya, zilizokwisha pigwa ziko salama. Upungufu wake ni betri. Inatumia CR2 mbili, na bila hizo haifanyi chochote. (AE-1 nayo bila betri yake ya volti 6 imekufa.)

Ukitaka kamera inayopiga hata betri ikiisha, hiyo ni Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Betri yake ni ya kipimo cha mwanga tu. Lakini utaanza upya na lenzi za Pentax K, kwa hiyo kwako wewe siipendekezi sasa.

Kabla ya kulipa, fungua mlango wa nyuma bila filamu, elekeza kwenye mwanga, piga kwa sekunde 1 kisha kwa 1/1000. Tofauti lazima uione kwa macho. Angalia mapazia ya shata bila kuyagusa: yakiwa na mabaki meusi yanayonata, achana nayo. Ugonjwa huo unajulikana kwenye EOS za mwanzo kama 620 na 650. Jaribu kufunga na kufungua mlango mara kadhaa, maana kishikizo ni cha plastiki.

Siku utakapoongeza lenzi iliyotumika, nenda na tochi. Huku pwani unyevu hauna huruma. Mulika kutoka nyuma, utazame ndani kwa kuinamisha: nyuzi nyembamba kama za buibui ni kuvu, na ikishakula kioo, kusafisha hakurudishi kilicholiwa. Za kwako zihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli, vile vipakiti vya kufyonza unyevu.

Pesa utakayookoa itie kwenye filamu. Ulizia kwanza ni wapi karibu nawe wanasafisha filamu ya rangi. Kama hakuna, anza na nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus kwa mfano, ambayo unaweza kuisafisha mwenyewe nyumbani. Dawa zake kwa kawaida hupimwa kwa nyuzi 20 na maji ya bomba ya Tanga yana joto zaidi, hivyo ziweke chupa kwenye beseni la barafu mpaka kipimajoto kishuke, ndipo uanze kuhesabu dakika.