Usimlazimishe Mwanasesere Kulia

Juzi dada mmoja wa Morogoro ameniandikia. Ana simu, ana udongo wa plastisini, ana jambo lililomkaa rohoni tangu mwaka jana, na anataka kulitolea video ya stopu mosheni, ile ya kusogeza kitu kidogo kidogo na kukipiga picha moja moja mpaka kionekane kinatembea. "Nimemtengeneza mwanasesere, nikampa na machozi ya gundi," anasema, "lakini nikiangalia sioni uchungu wowote. Kasoro iko wapi?" Nilimjibu kwa kifupi siku ileile. Ila najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyohiyo, kwa hiyo jibu lenyewe nalimalizia hapa.

Dada yangu, yaondoe machozi. Mwanasesere anayelia anamtangazia mtazamaji kwamba kuna huzuni, basi. Tafuta kitu kimoja ambacho maumivu yako yalikigusa kweli, kipe kitendo kimoja, halafu muache mtazamaji akione kikipatwa. Video yangu iliyooneshwa mwezi uliopita hapa Tanga, watu wakakaa kimya mpaka taa zikawashwa, haina hata tone la chozi. Ina mkeka unaofumuka.

Mkeka huo una habari yake. Nilikuwa nimeposwa. Mahari ilishafika, na bibi yangu, mzaliwa wa Pemba, kila alasiri alikuwa barazani anasuka ukili, ule utepe mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, kwa ajili ya mkeka wangu wa harusi, miyaa ya kijani na nyekundu, kwa kuwa kwake yeye bibi harusi hatoki bila mkeka uliosukwa na mkono wa nyumbani. Kisha mshenga akaja. Alikaribishwa, akanywa kahawa, akasema kwa adabu zote kwamba kijana hajawa tayari. Mwezi wa Ramadhani haujaandama, kijana alikuwa ameshaoa kwingine. Hakunipigia simu, na hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuniomba radhi hadi leo hii ninapoandika. Wenye ukumbi wa sherehe walikataa kurudisha malipo ya awali; baba alikwenda na kurudi, wakawa wanamzungusha tu. Mtaani kila mtu na "vumilia" yake. Bibi hakusema neno. Aliuviringisha ule ukili, akaupandisha juu ya kabati.

Nilipoanza kujifunza animesheni ndio huo nilioushusha. Habari za kujifunza programu naziruka, mafunzo yake yamejaa mtandaoni. Nilikata kipande, nikamwomba bibi anishonee kimkeka kidogo, cha ukubwa wa sinia. Alinitazama kwa muda, akaomba sindano.

Wapo watakaokwambia kitu hakina hisia, lazima uwepo uso. Wakumbushe habari ya mtengenezaji filamu Władysław Starewicz. Akiwa Kaunas, katika Lithuania ya leo, mnamo 1910 alitaka kupiga filamu ya mbawakawa wakipigana, lakini wadudu wale walikuwa wakigoma kila taa zinapowashwa. Akachukua waliokufa, akawapachika miguu ya waya kwa nta, akawasogeza picha baada ya picha. Mwaka 1912 alitoa kisa kizima cha wivu na usaliti wa ndoa kikichezwa na wadudu. Mdudu hana nyusi za kukunja wala midomo ya kutetemeka, na bado watu wanamwelewa, miaka zaidi ya 100 sasa.

Kwenye video yangu, juu ya kimkeka ameketi mtu wa plastisini asiye na macho wala mdomo. Pembeni, jani moja jekundu linainua ncha. Jani hilo nililipa picha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Linainuka kidogo mno, linasita, linarudi nusu, ndipo linachomoka chini ya mwenzake. Yule mtu anapeleka mkono alirudishe. Kabla hajafika, upande wa pili limeanza jingine. Hapo ndipo watu walipoacha kutafuna karanga zao.

Miyaa mikavu ina ukaidi, ukiiweka hapa inarukia kule. Ilowanishe kidogo kwa sponji ndipo itulie. Inapokauka inajikunja yenyewe baina ya picha na picha, na kwenye video inaonekana kama inatetemeka. Nimeuacha mtetemo huo makusudi. Kitu ulichokichagua vizuri kitakuongezea mambo ambayo hukuyapanga, na wewe yapokee.

Sasa kazi yenyewe. Sinema huenda kwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, ila picha 12 zinatosha, kila moja ikikaa fremu mbili. Video ya dakika mbili ni picha 1,440, kwa hiyo punguza maneno katika kisa chako. Usisogeze kitu kwa hatua sawasawa: anza na hatua ndogo, panua katikati, punguza tena kinapokaribia kusimama. Na kisimamishe! Katika video ambayo kila kitu kinatembea, sekunde moja ya utulivu ina uzito mkubwa. Lakini usirudie picha ileile mara 12, itaonekana video imekwama. Piga tatu zinazofanana, uziweke kwa zamu.

Dirisha ni adui yako. Wingu likipita tu, picha zako zinapepesa. Funga pazia, washa taa moja, bonyeza kioo cha simu na ushikilie mpaka mwanga na fokasi vijifunge. Mwenye kamera aweke kasi ya shata, yaani muda kamera inapopokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au ya polepole zaidi, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupigapiga bila jicho kuona. Vaa nguo nyeusi na simama palepale kila unapopiga, kwa sababu nguo nyeupe inarudisha mwanga mezani. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni. Chomeka hedifoni upige picha kwa kitufe cha sauti bila kuigusa simu. Feni izimwe, itapeperusha majani. Ndiyo, kwa joto la Tanga ni mateso, na plastisini inalegea. Mtu wangu alikuwa analala kwenye friji.

Mwisho wa video ndio utakaogombana nao. Watu watakushauri umalizie na ua linalochipua au jua linalochomoza. Kataa. Kama hujapona, usimdanganye mtazamaji kwamba umepona. Kwangu majani yaliyobaki yanajisuka upya, yanakuwa ukili mwembamba, yanaishia hapo. Nilipiga nikiufumua polepole, kisha nikageuza mpangilio wa picha, ya mwisho ikawa ya kwanza. Baada ya onyesho mama mmoja mtu mzima alinifuata nje, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukuushona ukawa mkeka?" Nikamwambia, bado, mama. Akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka mwanawe akaja na pikipiki.

Na ninyi mabinti mnaoambiwa mvumilie mnyamaze, nisikilizeni. Aliyekuumiza hakupewa na haki ya kukuchagulia namna ya kuumia. Liseme jambo lako. Ila jina lake liache nje, picha yake iache nje, hata rangi ya gari lake. Siku utakapomtia yeye ndani, watu watabaki kujadili habari zake, na kazi ya mikono yako itapita bila kuonwa. Niliwahi kushawishiwa niweke sauti ya mshenga mwanzoni mwa video. Nilikataa, na ninafurahi nilikataa, kwa kuwa yule mama wa pikipiki hakuniuliza habari za mwanamume. Aliniuliza habari za ukili.

Dada wa Morogoro, weka kando mwanasesere wako kwa wiki hii. Zunguka nyumbani, tafuta kile kitu ambacho tangu siku ile hupendi kukigusa. Kiweke mezani, funga pazia, ukisogeze kwa sekunde moja tu, picha 12. Nitumie kabla hujaweka muziki.