Ni "linalozungukwa" au "inayozungukwa"?

Swali: Hujambo mwalimu. Nafundisha Sayansi huku Kayole, Nairobi. Niliandika bango la darasa kuhusu ile picha ya 2020 ya nyota yenye sayari mbili: "Nyota kama jua linalozungukwa na sayari majitu mawili." Mwenzangu wa Kiswahili alikata "linalozungukwa" kwa kalamu nyekundu, akaandika "inayozungukwa". Mwingine anashikilia kwamba hiyo si nyota, ni "jua jingine". Na hayo majitu je, ni mawili au mbili?

Jibu: Sijambo, mwalimu mwenzangu, na pole kwa bango. Mwenye kalamu nyekundu yuko sahihi, ila amekuacha na alama bila maelezo, na hapo ndipo walimu wa lugha tunapochukiwa.

Jua liko katika ngeli ya LI-YA, nyota katika I-ZI. Ukiandika "linalozungukwa", kitenzi kinairuka nyota yako na kwenda kulishika Jua. Msomaji anaelewa hivi: kuna nyota fulani iliyo kama Jua, na Jua hilo ndilo lenye sayari mbili. Sasa Jua letu lina sayari 8, na mtoto yeyote aliyekaa darasani kwako analijua hilo. Badilisha silabi mbili, "inayozungukwa", sayari zinarudi kwa mwenyewe. Mimi ningeongeza na mkato: "Nyota iliyo kama Jua, inayozungukwa na..." Mkato huo unamzuia msomaji asiunganishe Jua na kinachofuata.

Hiyo "iliyo" pia isidharauliwe. "Nyota kama Jua" inaweza kusomwa kana kwamba unatoa mfano: nyota, Jua likiwa mojawapo. Ukitaka kusema kwamba zinafanana, sema zinafanana: "nyota inayofanana na Jua". Nimeandika Jua kwa herufi kubwa kwa kuwa hapa ni jina la kitu kimoja angani, kama Mshtarii (Jupiter), sayari kubwa kuliko zote za Jua letu. Jua la saa sita linalokuchoma kituoni ukingoja matatu libaki na herufi ndogo.

Umebahatika kwamba maneno yako mawili yana ngeli tofauti. Shida hasa huja pale nyota na sayari zinapokutana, kwani zote ni I-ZI. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya kwanza kugunduliwa ikiizunguka nyota nyingine inayofanana na Jua, nyota iitwayo 51 Pegasi. Sasa soma hii: "Waligundua sayari inayoizunguka nyota ambayo ina takriban nusu ya uzito wa Mshtarii." Nani mwenye nusu, nyota au sayari? Sarufi haikusaidii, maana "ambayo ina" inawafaa wote wawili. Hapo usihangaike na viambishi, vunja sentensi: "Sayari hiyo ina takriban nusu ya uzito wa Mshtarii, nayo huizunguka nyota yake kwa siku 4 na ushei." Naona waandishi wengi wa habari za sayansi wakiogopa sentensi fupi, sijui nani aliwatisha.

Tuje kwa "jua jingine". Kisayansi mwenzako hajakosea, kwa sababu Jua nalo ni nyota. Lakini katika kinywa cha Mswahili, jua ni lile linalotufikia. Linachwea, linatua, linafika utosini, linaanika mahindi. Hapa Nairobi limekuwa hata jina la kazi: fundi anayegonga mabati pale Kamukunji ni wa jua kali, hata kama siku hizi ana paa. Mama akimkemea mtoto "majua yote haya unakwenda wapi?", hahesabu nyota, anasema joto limezidi. Nyota ya bango lako, TYC 8998-760-1, iko umbali wa miaka ya nuru 300 hivi, na bila darubini huioni. Haimwanikii mtu mahindi. Iite nyota. "Jua jingine" waachie washairi na watunzi wa hadithi.

Kumbuka pia kwamba zamani "nyota" ilibeba zaidi ya hapo. Nyota ya alfajiri tunayoisifu ni Zuhura, nayo ni sayari. Neno "sayari" tulilichukua kwa Waarabu likiwa na maana ya chenye kwenda, na Waarabu wa leo gari nalo huliita kwa neno la mzizi huohuo. Kwa hiyo ukiwa umesimama kwenye foleni ya Jogoo Road, uko ndani ya sayari isiyokwenda.

Majitu sasa. "Jitu" peke yake ni LI-YA: jitu moja, majitu mawili. Lakini ulitanguliza "sayari", na neno linalotangulia ndilo linaloongoza upatanisho. Tazama "askari kanzu": wakiwa wawili tunasema "askari kanzu wawili", na kanzu haiguswi. Kwa mtindo huo ingekuwa "sayari jitu mbili". Ni sahihi, lakini sikio langu halijaikubali. Jitu kwangu bado lina miguu na linakula watu katika ngano. Nachagua "sayari mbili kubwa mno", au nikitaka hilo jitu, naliacha lisimame lenyewe: "majitu mawili ya gesi". Na ukubwa wenyewe si wa kubahatisha. Picha ilipotolewa Julai 2020, kutoka kwenye darubini ya Paranal nchini Chile, sayari ya ndani ilikadiriwa kuwa na uzito mara 14 wa Mshtarii, na ya nje mara 6. Mshtarii wenyewe una uzito wa Dunia zaidi ya 300.

Kabla hujabandika, kagua majina kwenye kitabu unachotumia. Vipo vitabu vya shule vinavyoiita Zohali "Sarateni", kisha jina Zohali vikalipeleka kwenye Uranus na Utaridi kwenye Pluto. Kwa Waarabu tulikoyatoa, Zohali ni ile yenye pete, Utaridi ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua, na Sarateni ni kaa, kundi la nyota wala si sayari. Watoto wako wakikutana na kitabu kingine watadhani sayari zimehama.

Bango basi: "Nyota inayofanana na Jua, inayozungukwa na sayari mbili kubwa mno." Na huyo mwenye kalamu nyekundu mpe aliandike yeye, mwandiko wake nadhani ni mzuri.