Hela ya mteja isilale dukani

Swali la wiki liliuliza hivi: wakili wa mji kama Moshi, mwenye ofisi, biashara na familia, huwa anaishi vipi, na ni nini kinachomwangusha? Wengi watataja wingi wa kesi au uzito wa kodi. Mimi naanza na hela ya mteja, maana hiyo ikiguswa, ofisi, duka na nyumba vinaanguka siku moja.

Chukua mfano wa kiwanja cha Pasua, mtaa wa Moshi, kinachouzwa shilingi milioni 30. Mnunuzi yuko Dar na hamwamini muuzaji. Muuzaji naye hataki kusaini kabla hajaona hela. Wote wawili wanamwamini wakili, basi hela inawekwa kwake. Itakaa kwa muda gani? Kuna upekuzi kwa Msajili wa Hati, ridhaa ya mwenzi, fomu za uhamisho wa ardhi namba 29, 30 na 35, uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji, ushuru wa stempu, kisha kibali cha uhamisho. Hizo ni wiki kadhaa, na jina kwenye hati likipishana herufi moja na la kitambulisho cha NIDA, inaweza kuwa miezi.

Wakati huohuo duka la wakili huyo la vifaa vya ujenzi, kule Kiborloni mjini Moshi, limeishiwa saruji. Lori la tani 30 ni mifuko 600, na msambazaji anataka hela mkononi. Hapo ndipo linapokuja lile wazo kwamba zile milioni 30 zimelala tu. Anazichukua, mzigo unashuka, nusu yake inachukuliwa kwa mkopo na mafundi wa maghorofa. Kibali kinatoka mapema kuliko alivyotarajia, muuzaji anataka chake Ijumaa, na mafundi watalipa watakapolipwa. Kutoka hapo njia ni fupi hadi Kamati ya Mawakili, yenye uwezo wa kumsimamisha au kuliondoa jina lake kwenye orodha ya mawakili.

Kinga yake inachosha, lakini haina mbadala. Afungue akaunti ya wateja, tofauti kabisa na ya ofisi na ya duka. Kila mteja awe na ukurasa wake kwenye daftari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kwa ajili ya nini, kilichobaki. Mwisho wa mwezi ajumlishe mabaki ya kurasa zote. Jumla hiyo lazima ilingane na salio la benki, baada ya kuhesabu malipo ambayo bado yako njiani. Ikipungua hata shilingi elfu kumi, asilale kabla hajajua imekwenda wapi. Lipa namba ya duka isipokee hela ya kesi hata mara moja. Mteja wa Rombo au Mwanga akituma kwenye simu ya wakili, ihamishwe benki siku hiyohiyo na risiti iandikwe. Ada yake mwenyewe aitoe kwenye akaunti ile baada ya kumpa mteja ankara.

Ankara nayo ina hesabu zake. Mwenye kutoa huduma ya kitaaluma hujisajili VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, bila kujali ukubwa wa mauzo yake, kwa hiyo, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, ada ya shilingi 1,000,000 mteja atalipa 1,180,000, na risiti ya mashine ya EFD itoke. Mteja akiwa kampuni atakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 50,000 kwenye ada hiyo. Cheti cha makato kidaiwe mapema na kihifadhiwe, la sivyo mwisho wa mwaka hiyo 50,000 italipwa mara ya pili. Na TIN, namba ya mlipakodi, ni moja kwa kila mtu: kama duka limeandikwa kwa jina lake, mapato yake yanajumlishwa na ya ofisi. Unafuu wa kodi ya makadirio wanaopata wafanyabiashara wadogo hauhusu kazi ya kitaaluma. Ndiyo maana napendelea duka liwe kampuni, lenye TIN na vitabu vyake, na mtu mwingine wa kulisimamia kila siku. Wakili anayeuza misumari saa tatu asubuhi hana wa kumwakilisha kesi yake inapoitwa.

Halafu mji wenyewe ni mdogo. Anayekudai leo ndiye shahidi wako kesho, na mkewe anasali jumuiya moja na mkeo. Kabla ya kufungua jalada jipya, majina ya pande zote mbili yapitishwe kwenye orodha ya wateja wa zamani, na pia kwenye daftari la wadaiwa wa duka. Hilo la pili mawakili wengi hulisahau. Ukimtetea mtu anayekudai au unayemdai, kila ushauri utakaompa utaonekana una mkono wa duka ndani yake.

Viapo ni hivyohivyo. Kamishna wa viapo, kazi ambayo wakili naye huifanya, haruhusiwi kuapisha katika jambo ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo au ana maslahi nalo, kwa hiyo hati ya kiapo inayohusu kampuni yake au nyumba yake ipelekwe kwa mwenzake wa ofisi ya jirani. Sehemu ya chini ya hati, pale anaposaini mwapishaji, iangaliwe kwa jicho kali: mahali, tarehe, jina la mwapishaji, na kama anamfahamu mwapaji au ametambulishwa kwake na nani. Makosa huzaliwa pale karani anapochapa hati kumi na kuacha tarehe wazi, kisha muhuri unagongwa zote kwa mkupuo. Upande wa pili ukiona pengo hilo utaweka pingamizi, hati inaweza kuondolewa, na maombi yaliyokuwa yanaiegemea yakaondoka nayo.

Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, kinahitaji uangalifu wa peke yake. Ardhi ya kijiji haihami kwa mkataba wa wakili tu. Inahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na muhtasari wa kikao hicho uwepo. Kabla ya kuandika chochote, wakili auzungukie mpaka wa shamba kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote, awaandike majina, na aangalie masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka. Mstari wa masale ya zamani una mashina mazito yaliyochipua mengine pembeni. Ukikuta shina jembamba, peke yake, kwenye udongo tifutifu, uliza limepandwa lini na nani alikuwepo. Ndugu wa muuzaji nao waulizwe mmoja mmoja, maana anayenyamaza kikaoni mara nyingi ndiye anayefungua shauri.

Hapo ndipo familia inapoingia. Mahakama Kuu huwa likizo kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 31 Januari, na ndio wakati Wachaga wanaporudi nyumbani, vikao vya ukoo vinakaa, na mirathi iliyolala mwaka mzima inaamshwa. Wakili wa ukoo ataombwa aishike. Aseme mapema, kwa heshima: “Baba mdogo, hapa nimekaa kama mtoto wa nyumba hii, wakili tumtafute mwingine.” Akikubali kofia zote mbili, ndugu watakaopata kidogo watasema alijipendelea, na hilo halifutiki.

Januari ni mwezi mgumu. Ada za shule, leseni ya uwakili na gharama za Krismasi vinakutana wakati kesi za Mahakama Kuu zimesimama, na awamu ya mwisho ya kodi ya mapato ya mwaka imetoka kulipwa Desemba. Atenge kidogokidogo tangu Julai, kwenye akaunti ambayo duka haliifikii.

Mwisho, mwenzi wake hapaswi kujua siri za wateja, ila ajue pa kuanzia likitokea la kutokea: benki ipi, daftari la wateja liko kabati gani, na wakili yupi amekubali kupokea majalada. Viandikwe kwenye karatasi moja, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa nyumbani, na iandikwe upya kila Januari anapohuisha leseni.